Siku Nilipomwimbisha Marehemu Pale Ihanda

Ukifika Tunduma leo ukauliza duka la Gaspari muuza magodoro, watu watakutazama kana kwamba umemtaja mtu wa Kigoma, lakini ukiuliza kwa Video, hata mama anayekaanga mihogo stendi atakunyooshea kidole, "Pale, penye mlango wa bluu." Video ni mimi. Jina lenyewe sikujipa, nilipewa na watu wa Ihanda kwa asubuhi moja tu, likanitangulia mpaka nyumbani kabla mimi mwenyewe sijafika, na miaka yote hii nimekuwa naitika kwa sababu nikikataa itabidi nieleze, na huko kueleza ndiko kunakonitoa jasho. Leo naeleza. Wenye kutaka kucheka wacheke mapema, maana huko mbele kicheko kinaisha.

Ilikuwa kabla hatujapewa mkoa wetu, bado tunaitwa watu wa Mbeya, na mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimenunua gari. Si gari langu la kwanza, hapana, la kwanza lilikuwa pikapu chakavu yenye redio ya kaseti, redio ina vitasa viwili, kimoja cha sauti na kingine cha kutafutia stesheni, na mkono wangu ulivijua vile vitasa kama unavyoujua mfuko wa suruali, yaani naongea na wewe, natazama barabara, na mkono unapunguza sauti wenyewe bila kuniuliza. Hili jipya (jipya kwangu mimi, Mjapani alishalichoka) lilikuwa jeupe, la viti saba, na katikati ya dashibodi hapakuwa na kitasa hata kimoja. Palikuwa na kioo. Sauti kwenye kioo, redio kwenye kioo, feni kwenye kioo, kila kitu unagusa kwa kidole na kila kitu kimeandikwa Kijapani. Ukiwasha gari, mama mmoja wa Kijapani anasema maneno yake kwa adabu sana, halafu kioo kinaleta maandishi mekundu, mistari mitatu, na kitufe chini yake, na usipokigusa hicho kitufe hakiendi mbele wala nyuma. Mimi nilikuwa nagusa tu. Abiria wakiniuliza pameandikwa nini, nawajibu, "Karibu mheshimiwa." (Wengine waliamini, na kwa jinsi nilivyokuwa nimejaa maringo siku zile, nadhani hata mimi nilishaanza kuamini.)

Kasoro yake ilikuwa moja. Ukiweka DVD gari limesimama, picha unaiona safi kabisa, lakini ukiondoka tu picha inazimika inabaki sauti peke yake, na mimi sikununua kioo kile ili watu wakione nikiwa nimesimama. Nikampelekea fundi mmoja wa redio za magari, kibanda chake kilikuwa nyuma ya soko. Akafungua dashibodi, akachungulia, akacheka.

"Kaka, Mjapani kaunganisha waya wake na hendibreki. Gari likitembea, picha hakuna. Anaogopa."

"Anaogopa nini?"

"Waoga tu wale."

Akaukata waya, akaupachika kwenye bodi ya gari, akaufunga kwa selotepu nyeusi, na dakika kumi hazikufika nilikuwa natoka pale natazama watu wakicheza ngoma katikati ya dashibodi yangu huku naendesha kuelekea forodhani. Uamuzi wenyewe ulikuwa huo, mdogo kiasi kwamba jioni yake sikuukumbuka hata kuutaja nyumbani.

Sasa niwaambie kuhusu Ester. Ester ni dada yangu, ananifuata mgongo kwa mgongo, na alikuwa ameolewa na Ayubu, mtu wa Igamba, mrefu, mpole, mwenye mambo mawili tu duniani ukiacha mke na watoto wake watatu, nayo ni kahawa na kwaya. Walikuwa wamepanga Chapwa kwa sababu ya kazi, lakini moyo wake ulikuwa Igamba, kwenye shamba la kahawa alilolipanda yeye na mdogo wake Lazaro, na kila wiki mbili alikwenda kulitazama kama mtu anayekwenda kumwona mgonjwa. Kwaya yao ya kanisani ilikuwa imerekodi DVD, yeye ndiye aliyetangulia mbele akiimbisha, na nakala ya kwanza aliileta kwangu, akaiingiza mwenyewe kwenye gari langu, akacheka kujiona. "Shemeji," akaniambia, "kumbe nina shingo ndefu hivi!" DVD ile hatukuitoa. Jumatatu moja akaumwa tumbo, Alhamisi tukawa tunatafuta mbao za jeneza.

Jioni kabla ya safari, wazee wa ukoo wa Ayubu walikaa Chapwa kupanga mazishi, na hapo ndipo baba yake mkubwa alipolitoa lililokuwa moyoni mwake, kwamba shamba lirudi kwenye ukoo kwa sababu watoto bado wadogo, na huyu mwanamke ni wa mjini, kesho ataolewa na mwingine. Ester alikuwa amekaa kwenye mkeka kajifunika kitenge, hakuinua uso. Mimi upande wangu sina sauti katika kikao cha watu wengine. Aliyesimama ni Lazaro, seremala, kijana asiyependa maneno mengi.

"Baba mkubwa, ile kahawa tulichimba mashimo yake mimi na kaka, mashimo yote. Ni ya watoto wake na mama yao. Kesho tukishamzika nitasimama pale kaburini niliseme hili mbele ya watu wote, liishe."

Kwetu huku neno likisemwa kaburini mbele ya umati linakaa, ni vigumu mtu kuja kulipinda baadaye. Ester akashusha pumzi, nikamsikia, na nilipokuwa natoka akanishika mkono akaniambia maneno ambayo bado nayasikia, "Kaka, tufike salama." Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nitampeleka mumewe kwa heshima.

Asubuhi tukapanga msafara. Mbele pikapu yenye jeneza, nyuma yake mimi, nyuma yangu lori lenye wanakwaya na majirani, magari yote yamefungwa matawi na taa zimewashwa. Bodi ya pikapu ilikuwa fupi na Ayubu, kama nilivyosema, alikuwa mrefu, kwa hiyo mlango wa nyuma ukaachwa wazi na Lazaro akakaa pale kwenye mlango, miguu inaning'inia nje, mkono mmoja umelikumbatia jeneza lisiteleze. Nilimwona vizuri. Ninachotaka mjue ni hicho, kwamba kutoka Chapwa nilikuwa namwona Lazaro mbele yangu kila wakati, viatu vyake vyeusi amevipiga rangi kwa ajili ya mazishi.

Kwangu alikaa Ester mbele, katikati mama mkwe wake, nyuma shangazi watatu wa Ayubu. Gari zima kimya. Si kimya cha kulala, kile kimya cha watu waliolia mpaka wakaisha. Tukapita malori yaliyopanga foleni ya mpaka, madereva wanavua kofia, na mimi nikaanza kuwaza kwamba kimya hiki hakimfai dada yangu, nimfanyie kitu, nimwonyeshe mumewe anaimba. Nawaambieni ukweli, mawazo ya kumfariji yalikuwepo, lakini nyuma yake palikuwa na lingine, kwamba wale shangazi wa Igamba walikuwa hawajakiona kioo changu kikifanya kazi, na nilitaka wakione. Msiba wa shemeji yangu, na mimi nawaza kioo.

Tulikuwa tumeshaingia Ihanda, siku ya watu wengi barabarani, wanawake na ndoo zao za nyanya, wanaume wa bodaboda, wote wameacha shughuli wamesimama pembeni kimya kwa heshima ya maiti. Nikanyoosha kidole nikagusa pale panapokaa DVD. Labda gari lilirukaruka, labda kidole kilikuwa na jasho, kikagusa pengine. Redio ya ng'ambo, ya Zambia, ikafunguka kwa sauti yote, mtangazaji akasalimia kwa Kibemba akipiga kelele, "Mulishani mukwai!" na nyuma yake muziki wa kucheza, gitaa na ngoma, na vioo vyote vya madirisha vimeshushwa.

Watu wa Ihanda waligeuka. Kijana mmoja wa bodaboda aliyekuwa ameweka kofia kifuani akairudisha kichwani.

"Baba," mama mkwe akasema kwa upole kabisa, "zima hiyo."

"Nazima, mama."

Ningekuwa na ile pikapu yangu ya zamani, mkono ungezungusha kitasa mara moja, mambo yameisha, macho hayajatoka barabarani. Kioo hakina mahali pa kushika. Ni lazima utazame. Nikatazama, nikakuta alama za Kijapani tupu, nikagusa moja, sauti ikapanda, nikagusa nyingine, ikaja ramani ya nchi ya watu yenye bahari pande zote, nikagusa kurudi, shangazi mmoja nyuma anasema "Yesu wangu, aibu gani hii," nami masikio yanawaka moto, nimeinama kama mtu anayetafuta sindano, nagusa, nagusa. Mbele, pikapu ilikuwa imefika kwenye tuta na dereva wake, kwa kujua alichobeba, akakanyaga breki ili apande taratibu.

"Kaka!" Ester akapiga ukelele.

Sikukanyaga breki. Nawaambia kama nilivyomwambia hakimu, mguu wangu haukuwa na habari.

Mshindo wenyewe haukuwa mkubwa. Pikapu ikasukumwa mbele kidogo, kamba iliyofunga jeneza ikakatika, na jeneza likateleza nyuma likaja juu ya boneti yangu mpaka likagusa kioo cha mbele, kifuniko kikapasuka upande wa miguuni na kipande cha shuka jeupe kikachungulia. Na ule mguso wangu wa mwisho, ambao sijui niligusa nini, ukawa ndio sahihi. DVD ikaanza. Ayubu akatokea katikati ya dashibodi, shati la bluu la kwaya, shingo yake ndefu, mkono ameunyanyua, akaimba. Kwa sauti ile ile niliyoipandisha mimi. Mbele ya kioo cha gari jeneza lake, chini ya kioo cha gari yeye mwenyewe mzima anatabasamu.

Ester hakulia. Alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mtu.

Sasa linafuata lile ambalo watu wa Ihanda hawalijui, wanaojua ni watu wawili tu na mmoja ni mimi. Niligusa kioo kuzima. Kilikuwa kimepata ufa, hakisikii kidole tena. Nikakipiga kwa kiganja, nikakipiga kwa ngumi, Ayubu anaimba, kwaya inaitikia, watu wanakimbia kutoka pande zote, na katikati ya kelele hizo palikuwa na sauti ya mtu anaita, "Shemeji, rudisha gari! Rudisha gari nyuma!" Niliisikia. Niliitambua ni sauti ya Lazaro. Mguu wake ulikuwa umebanwa kati ya bampa langu na mlango wa ile pikapu, na alikuwa ananitazama mimi kupitia kioo cha mbele, pembeni ya jeneza la kaka yake, na mimi naendelea kupiga kioo ili wimbo unyamaze. Niliona aibu kwanza, mguu wa mtu baadaye. Aliyezima ni mama mmoja muuza nyanya, alipitisha mkono dirishani akazungusha ufunguo. Ufunguo, jamani. Ulikuwa hapo chini ya usukani muda wote.

Wanaume wakalisukuma gari nyuma kwa mikono. Lazaro akapakiwa kwenye gari la mpita njia akakimbizwa hospitali, Vwawa, kiatu kimoja kilichopigwa rangi kikabaki barabarani. Wanakwaya wakashuka, wakalifunga jeneza kwa vitenge vyao wakalipandisha kwenye lori, wakaanza kuimba wakakosa nguvu. Ester akapanda lori lile bila kunitazama, mama mkwe akampa mkono. Nami nikakaa kwenye ukingo wa barabara kumsubiri trafiki, umati umenizunguka, na mmoja (sikumwona, na ni heri sikumwona) akauliza, "Oya, video imeisha?" Wakacheka wachache. Jina likazaliwa hapo.

Kule polisi, askari mkaguzi wa magari alikaa kwenye kiti changu, akawasha swichi, yule mama wa Kijapani akasema maneno yake, na kioo, pamoja na ufa wake, kikaleta yale maandishi mekundu.

"Haya yanasemaje?"

"Sijui, afande."

"Na mimi sijui. Ila kitu kinachoandikwa kwa wekundu, kikakuzuia mpaka ukubali ndipo uondoke, wewe ulidhani ni salamu?"

Nilikuwa pale pale polisi wakati Ayubu anazikwa. Yaliyosemwa kaburini niliyapata kwa wanakwaya. Walisema ilipofika zamu ya ukoo, watu walitazamana, kwa sababu wote walijua nani alipaswa kusimama, naye saa ile madaktari walikuwa wanamkata mguu chini ya goti. Akasimama baba mkubwa. "Mmeona wenyewe jinsi upande wa mwanamke ulivyomsindikiza ndugu yetu. Shamba litabaki kwenye ukoo." Hakuna aliyepinga, na nani angepinga, wakati jeneza limefungwa vitenge mbele yao? Baada ya siku chache za matanga Ester akarudishwa Chapwa na watoto wake na mabegi mawili. Msimu ule kahawa ya Ayubu ilichumwa na watu wengine.

Hospitali nilikwenda, niliogopa lakini nilikwenda. Lazaro alikuwa amelala anatazama dari. Nikamwomba radhi kwa maneno mengi kama kawaida yangu, akaniacha nikamaliza.

"Shemeji, ulikuwa unatazama nini?"

"Nilitaka Ester amwone kaka yako anaimba."

"Kaka yangu alikuwa mbele yako," akasema. Hajawahi kumwambia mtu kwamba aliniita nikachelewa. Daktari naye hakusema kama zile dakika zilibadilisha chochote, na mimi sikumuuliza, wala sitamuuliza.

Mahakama ikanitia hatiani, leseni ikachukuliwa mwaka mzima, hayo yalikuwa madogo. Kubwa lilikuja baadaye, siku Lazaro alipoitisha kikao Igamba akiwa kwenye magongo. Nilimsindikiza Ester kwa basi, nikabaki nje barabarani, kwenye mti wa uzio, nasikia sauti bila maneno. Alipotoka macho yake yalikuwa yamevimba lakini alikuwa anatembea wima.

"Shamba limerudi, kaka. Lazaro amesimama mbele ya wote, kaegemea gongo moja, amesema kahawa ni ya watoto na mimi. Mama mkwe kamuunga mkono. Baba mkubwa kakubali."

Nilitaka kumkumbatia. Akarudi nyuma hatua moja.

"Ila ametaka jambo moja. Wewe usikanyage hapa tena, maisha yako yote."

"Na wewe ukasemaje?"

"Nimekubali, kaka."

Simlaumu. Kama angekataa ningemwona mjinga.

Gari ninalo bado, nani atanunua gari lililogonga jeneza. Kioo nilikitoa kwa mikono yangu mwenyewe, sikutaka fundi, nikaziba tundu kwa kipande cha mbao, na niliapa sitagusa kitu chochote ndani ya gari ambacho siwezi kukigusa nikiwa natazama mbele, hata simu ikilia na iungue huko huko mfukoni. Vijana wa bodaboda wananicheka, "Video, weka hata redio basi." Siweki. Cha ajabu ni kwamba yule mama wa Kijapani hakutoka na kioo, yuko mahali fulani chini ya dashibodi ambapo sijapapata, na kila nikiwasha ananisemesha kwa adabu yake ile ile. Siku hizi namsubiri amalize ndipo naachia hendibreki.

Ester akija Tunduma kununua mahitaji namrudisha mpaka Mlowo, kwenye njia panda ya kwenda Igamba. Anashuka, anapakia mizigo yake kwenye bodaboda, ananiaga vizuri tu, nami nageuza gari. Kaburi la Ayubu wanasema limejengewa, Lazaro ndiye aliyetengeneza msalaba. Sijaliona. Nilimuahidi dada yangu nitamfikisha mumewe kwa heshima, na mpaka leo sijamtupia shemeji yangu hata konzi moja ya udongo.